Kuacha dawa ya mifupa kwa usalama: mwongozo kwa wagonjwa na wauguzi wao wa Unguja na Pemba

Kuna dawa za mifupa ambazo ukiziacha leo, mifupa haitajua kwa miezi, pengine kwa miaka. Na kuna moja ambayo ukiichelewesha mwezi mmoja tu, pingili za uti wa mgongo zinaweza kuanza kuvunjika moja baada ya nyengine, bila ya mtu kuanguka wala kugongwa. Zote huandikwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja, osteoporosisi, yaani mifupa kupungua uzito na kuwa dhaifu. Ndiyo maana jirani anaweza kukwambia, "Mimi niliacha yangu na sikupata chochote," akawa anasema kweli, na ushauri wake ukakuvunja mgongo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama uache au usiache, jibu mambo mawili: unatumia dawa ipi, na mara ya mwisho uliitumia tarehe ngapi.

Ijue dawa kwa jina lake

Chukua boksi au karatasi ya dawa. "Dawa ya mifupa" si jina; hata vidonge vya kalsiamu, hata diklofenaki ya magoti, huitwa hivyo majumbani.

Kidonge kinachomezwa mara moja kwa wiki kwa kawaida ni alendroneti 70 mg (Fosamax na wenzake) au risedroneti 35 mg (Actonel). Cha mara moja kwa mwezi ni ibandroneti 150 mg (Bonviva). Dripu ya mara moja kwa mwaka ni asidi ya zoledroniki 5 mg (Aclasta). Hizi nne ni ukoo mmoja, bisfosfoneti, na tabia zao zinafanana.

Sindano ya chini ya ngozi kila baada ya miezi sita ni denosumabu 60 mg. Jina linalojulikana zaidi ni Prolia, lakini siku hizi zipo nyengine zenye dawa hiyohiyo kwa majina tofauti, basi tafuta neno denosumabu kwenye maandishi madogo, hata kama limeandikwa kwa herufi za kizungu bila ya "u" ya mwisho. Hii ndiyo dawa ya kuogopa kuiacha, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni yake.

Sindano ambayo mgonjwa anajipiga mwenyewe kila siku ni teriparataidi (Forteo). Ya kila mwezi kwa miezi 12 ni romosozumabu (Evenity). Kidonge cha kila siku cha raloksifeni 60 mg (Evista) hutumiwa na wanawake waliokoma hedhi.

Wagonjwa wengi wa visiwani huanzishiwa dawa hizi nje, Maskati, Dubai, India au Dar es Salaam, kisha hurudi nyumbani na mkoba wa dawa bila ya karatasi. Boksi likitupwa, mwenye habari ni mtoto au mpwa aliyemsindikiza. Mtake akutumie kwa WhatsApp picha ya cheti na ya boksi. Kwa sindano ya miezi sita, tarehe ya sindano ya mwisho ina thamani kuliko jina la daktari aliyeipiga.

Kisha andika kwenye karatasi moja: jina na nguvu ya dawa, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, ubaya ulioupata, ulianza saa ngapi au siku ngapi baada ya dozi, na dawa nyengine zote unazotumia, za hospitali na za miti shamba. Karatasi hii utaonesha kila unapokwenda.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu inachanganya watu. Wengi wenye mifupa dhaifu wamefika huko kwa kutumia prednisoloni miaka mingi, kwa pumu au viungo. Wakisikia kuwa prednisoloni ndiyo iliyokula mifupa, huiacha ghafla pamoja na dawa ya mifupa. Prednisoloni iliyotumika zaidi ya wiki tatu haikatwi siku moja. Mwili unaweza kuishiwa nguvu, shinikizo likashuka na mtu akapoteza fahamu. Hiyo hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo. Dawa za mifupa, kinyume chake, hazipunguzwi kidogo kidogo. Kukata kidonge cha alendroneti nusu "ili uzoee" hakusaidii kitu, na kidonge kilichovunjwa kinaweza kuunguza koo.

Ubaya gani unatosha kuacha

Kiungulia na maumivu ya kumeza ndiyo malalamiko makubwa ya vidonge vya wiki. Ukiona kumeza kunauma, kifua kinachoma katikati, au chakula kinakwama, usimeze kidonge kinachofuata. Usisubiri ruhusa ya mtu. Kukosa alendroneti wiki mbili tatu hakudhuru mifupa, lakini kidonge juu ya kidonda cha umio kinaweza kukitoboa. Ukitapika damu au ukapata choo cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Hata hivyo, malalamiko mengi ya aina hii yanatokana na namna ya kumeza. Kidonge kinatakiwa tumbo tupu, asubuhi, kwa bilauri nzima ya maji matupu, mililita 200 hivi, kisha mtu akae wima au asimame nusu saa bila ya kula wala kulala. Ibandroneti inataka saa nzima. Chai ya rangi, maziwa, madafu na juisi haviruhusiwi, kwa sababu dawa hainyonywi. Maji ya kisima cha mawe ya matumbawe, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yana chokaa nyingi; tumia ya mvua au ya chupa yasiyo na madini mengi.

Kuna jambo ambalo karatasi ya dawa haitakwambia. Mtu anameza kidonge akiamka, kisha anasali Alfajiri, anarukuu na kusujudu, kichwa kinakuwa chini ya tumbo, na maji yenye dawa yanarudi kooni. Halafu anajitupa kitandani mpaka jua litoke. Sali kwanza, meza baada ya salamu, kisha kaa kwenye kiti au fagia ua. Ramadhani kinafaa wakati wa kufuturu: fungua kwa maji tu bila ya tende, sali Magharibi, meza kidonge kwa bilauri nzima, kaa nusu saa, ndipo uendee futari. Wakati wa daku haufai kwa mtu aliyekula usiku; tumbo halijawa tupu.

Ukirekebisha haya na kiungulia kikaondoka, huenda huna haja ya kuacha. Angalia pia kama unatumia diklofenaki au aspirini. Hizo huunguza tumbo zenyewe na lawama ikaangukia kidonge cha mifupa.

Maumivu ya paja au kinena ni jambo zito zaidi. Kwa waliotumia bisfosfoneti au denosumabu miaka mingi, mara chache mfupa wa paja hupata ufa wa ajabu, katikati ya paja, bila ya kuanguka. Kabla ya kuvunjika kabisa huuma kwa wiki au miezi: maumivu ya kuchoka, yanayozidi ukitembea. Huyu asimeze dozi nyengine wala asipigwe sindano nyengine kabla ya kupigwa picha ya eksirei. Sisitiza: picha ya mapaja yote mawili, tangu nyonga mpaka goti, hata kama linauma moja tu, kwa sababu ufa mara nyingi huwa pande zote. Picha ya nyonga pekee inaweza kuukosa. Huku unasubiri, tembea na fimbo na usibebe kitu. Kukanda paja kwa mafuta ya karafuu hakuzibi ufa. Kwa bisfosfoneti, hatari ya ufa huu hupungua haraka mtu akiacha dawa. Kwa denosumabu kuacha kuna masharti yake, na tutayafikia.

Maumivu makali ya misuli, viungo na mifupa mwili mzima ni ubaya uliotolewa tahadhari na mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2008. Huja siku, miezi au hata miaka baada ya kuanza. Njia ya kujua ni kusimamisha na kuandika hali yako kila siku. Wengi hupata nafuu, wachache huchelewa.

Homa na mwili kuvunjika ndani ya siku tatu baada ya dripu ya zoledroniki si sababu ya kuacha milele. Hutokea zaidi mara ya kwanza, na parasetamoli gramu 1 mara tatu kwa siku hutuliza. Lakini homa ni homa: pima malaria, usijiambie tu kuwa ni dripu.

Jicho jekundu linalouma na kuchukia mwanga linahitaji daktari wa macho siku hiyohiyo, na dawa isimamishwe. Ganzi kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, na misuli kukaza, ni dalili za kalsiamu kushuka kwenye damu. Hiyo ni dharura, hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo aliyepigwa denosumabu. Januari 2024 Marekani iliweka onyo kali kuhusu denosumabu kwa wagonjwa wenye ugonjwa wa figo uliokomaa, hasa walio kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa sababu hiyohiyo.

Taya kuoza ndicho kitu watu wanachokiogopa kuliko vyote, na ndicho kisichotokea ila kwa nadra sana. Kwa dozi za osteoporosisi hukadiriwa mtu 1 kati ya 10,000 hadi 1 kati ya 100,000 kwa mwaka. Dalili ni mfupa kuonekana wazi kwenye ufizi usiopona kwa wiki nane. Jino bovu lazima litolewe au lizibwe. Mwambie daktari wa meno unatumia dawa gani, wala usiache denosumabu wewe mwenyewe kwa ajili ya kung'oa jino.

Kuacha vidonge vya wiki na dripu ya mwaka

Hapa kazi ni nyepesi. Bisfosfoneti huganda kwenye mfupa na kutoka polepole sana. Alendroneti huchukua miaka kumalizika. Siku unayoacha, unaacha tu. Kinachobaki ni kujua umeshaweka akiba kiasi gani.

Aliyemeza miezi michache, au aliyekuwa akimeza wiki moja na kuruka tatu, hana akiba. Mifupa yake iko palepale ilipokuwa kabla ya dawa. Ndani ya miezi miwili mitatu inatakiwa awe ameamua dawa mbadala na daktari. Kama tatizo lilikuwa koo, mbadala ulio wazi ni dripu ya zoledroniki, ambayo haipiti kooni. Kama tatizo lilikuwa maumivu ya mwili mzima au jicho, dripu ni dawa ya ukoo uleule na huenda ikamrudishia matatizo yaleyale, tena haitoki mwilini ukishaitia. Huyo atafutiwe ukoo mwengine.

Aliyemeza vizuri miaka mitano, au aliyepata dripu miaka mitatu mfululizo, ana akiba, na huenda daktari mwenyewe angemtaka apumzike. Utafiti uitwao FLEX, uliotolewa 2006, uliwagawa wanawake waliotumia alendroneti miaka mitano: wengine wakaendelea mingine mitano, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Waliovunjika pingili na kupata maumivu walikuwa asilimia 2.4 kwa walioendelea na asilimia 5.3 kwa walioacha. Mivunjiko ya mifupa mengine kwa jumla haikutofautiana. Maana yake, wengi wanaweza kupumzika, lakini mwenye mgongo uliokwisha kuvunjika, au aliyevunjika nyonga, au anayetumia prednisoloni, asipumzike bila ya mbadala. Risedroneti na ibandroneti akiba yake ni fupi kuliko ya alendroneti na zoledroniki, basi anayepumzika nazo aangaliwe mapema, kwenye mwaka mmoja.

Anayemalizana na vidonge asijiandikie "nimeacha moja kwa moja". Aandike tarehe ya kuangaliwa upya. Mapumziko yasiyo na tarehe husahaulika, mpaka siku ya kuvunjika nyonga.

Denosumabu: usiiache, ibadilishe

Denosumabu haigandi kwenye mfupa. Inazuia seli zinazokula mfupa zisiamke. Miezi sita ikipita nguvu yake inakwisha, na seli zilizokuwa zimezuiliwa zinaamka kwa pamoja, zinakula mfupa kwa kasi kuliko hata kabla ya dawa. Faida iliyopatikana kwa miaka hupotea ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Hatari ya pingili kuvunjika huanza kupanda kuanzia mwezi wa saba au wa nane tangu sindano ya mwisho, na waliokwisha kuvunjika pingili zamani ndio walio katika hatari zaidi. Katika utafiti mkubwa wa denosumabu uitwao FREEDOM na muendelezo wake, zaidi ya nusu ya waliovunjika pingili baada ya kuacha walivunjika zaidi ya moja.

Kwa hiyo mwenye upele, ukurutu, maumivu ya viungo au maambukizi ya ngozi ya mara kwa mara ana haki ya kuikataa sindano inayofuata, lakini si haki ya kukaa bila ya kitu. Hesabu yake iende hivi.

Tuseme sindano ya mwisho ilipigwa tarehe 10 Januari. Inayofuata ilikuwa iwe tarehe 10 Julai. Tarehe 10 Agosti ndio mwisho wa usalama. Baada ya hapo unacheza na mgongo wako. Tarehe 10 Mei, mwezi wa nne tangu sindano, ndiyo siku ya kuanza kuhangaika, si mwezi wa Julai. Hapa chini miezi inahesabiwa tangu sindano ya mwisho, si ya kalenda.

Mwezi wa nne: muone daktari na umwambie kwa maneno haya au mfano wake: "Daktari, mama yangu anapigwa Prolia tangu 2022, sindano ya mwisho ni tarehe 10 Januari. Inamletea ukurutu. Hatutaki kuiacha tu, tunataka abadilishiwe kabla ya Julai." Si kila daktari amekutana na dawa hii, na akisikia ubaya wa dawa, mazoea yake ni kuisimamisha. Mueleze kwa adabu kuwa dawa hii ina mrejeo, yaani ikiachwa mfupa huliwa kwa kasi kuliko kabla.

Mwezi wa nne hadi wa tano: pima kreatinini ya figo, kalsiamu, na vitamini D ikiwezekana. Kiwango cha figo, kile kinachoandikwa eGFR, kikiwa chini ya 35, zoledroniki na alendroneti hazifai, na huyo lazima afike kwa bingwa kabla ya tarehe. Kwake huenda salama zaidi ikawa kuendelea na denosumabu huku ngozi ikitibiwa. Kalsiamu na vitamini D zikiwa chini, zirekebishwe kwanza. Meno yakaguliwe pia. Mwenye jino la kung'oa aling'oe sasa.

Mwezi wa sita, tarehe 10 Julai au siku chache pembeni yake: mbadala unaanza. Anayestahimili, dripu ya zoledroniki 5 mg, kwa mililita 100, isiende kwa chini ya dakika 15. Kunywa bilauri mbili za maji kabla, na usiipange mchana wa Ramadhani. Kuipiga mapema, mwezi wa tatu kwa mfano, hakuna faida kubwa, kwani denosumabu bado imelaza mfupa na zoledroniki haipati pa kushika vizuri. Asiyepata dripu, alendroneti 70 mg kila wiki, kuanzia siku hiyo, kwa miezi 12 hadi 24, kwa masharti yote ya kumeza tuliyoyataja.

Baada ya hapo: kuna kipimo cha damu kiitwacho CTX kinachoonesha kasi ya mfupa kuliwa. Huchukuliwa asubuhi kabla ya kula, miezi mitatu na miezi sita baada ya dripu. Kikipanda, dripu hurudiwa. Uliza maabara kama wanakifanya wenyewe au wanapeleka sampuli kwengine. Kisipopatikana, daktari anaweza kurudia dripu kwa miezi sita na mwaka bila ya kukisubiri, hasa kwa aliyetumia denosumabu zaidi ya miaka miwili na nusu; kadiri ulivyoitumia muda mrefu, ndivyo mrejeo unavyokuwa mkali.

Kama tarehe imeshapita, usikae kulaumiana. Mwezi wa saba, wa nane au wa tisa, nenda wiki hiihii. Mbadala uliochelewa ni bora kuliko hakuna. Na kama ubaya wenyewe ulikuwa mdogo na hakuna mbadala kisiwani, kupigwa sindano moja zaidi ili kununua miezi sita ya kujipanga ni uamuzi wa busara, isipokuwa kwa aliyepata mzio wa kweli: kuvimba uso, kubanwa pumzi, vipele vya mwili mzima mara baada ya sindano. Kwa aliyepata ufa wa paja au mfupa wa taya wazi, bingwa ndiye apange cha kufuata, lakini apange kabla ya mwezi wa saba.

Wengine huacha bila ya kukusudia. Sindano imenunuliwa Dar es Salaam, boti imeahirishwa kwa upepo, dawa imekaa nje. Denosumabu huwekwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigandishwe. Ikitoka ikakaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, itumike ndani ya siku 14. Sebule ya Chake Chake mchana wa kaskazi ina joto kuliko hilo. Isafirishe kwenye kibebeo cha baridi, na funga bomba kwa kitambaa lisigusane na barafu. Agiza mwezi mmoja kabla.

Miezi yote hii, na mwaka mzima baada yake, maumivu mapya ya mgongo yachukulieni kwa uzito: yameanza ghafla, mahali pamoja, kwa kuinama tu au kupiga chafya; au bibi ameonekana amefupika. Hiyo ni pingili mpaka picha ya pembeni ya uti wa mgongo ikatae. Asichuliwe, asikandamizwe kwa magoti, asivutwe. Miguu ikilegea, au mkojo na choo vikimtoka bila ya kujua, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Dawa zilizobaki

Teriparataidi huleta kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza, na mtu huikata. Inakatwa siku yoyote, lakini mfupa ilioujenga huanza kupotea ndani ya mwaka ikiwa haikufuatwa na bisfosfoneti au denosumabu. Panga kuanza ndani ya mwezi. Romosozumabu vivyo hivyo. Raloksifeni ukiona shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja, au pumzi inabana ghafla, iache papo hapo na uende hospitali, kwa sababu ni damu kuganda. Vinginevyo ikiachwa, mifupa huanza tena kupungua kama ya mtu asiyetumia dawa, basi isiachwe bila ya mpango.

Kipindi cha katikati

Wakati mtu yuko baina ya dawa na dawa, chakula na nyumba ndivyo vinavyomlinda. Kalsiamu inayotakiwa kwa siku ni 1,000 hadi 1,200 mg, chakula na vidonge kwa pamoja. Kikombe cha maziwa au mtindi cha mililita 250 kina kama 300 mg. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao ni hazina iliyo sokoni kila siku. Wa chumvi waoshwe mara mbili kwa ajili ya mwenye presha. Ufuta usiokobolewa, mchicha na kisamvu husaidia kidogo. Ukikosa kutimiza, kidonge cha kalsiamu kaboneti cha 1,250 mg kina kalsiamu halisi 500 mg. Kimezwe na chakula, kimoja kwa wakati, na kamwe siku ya alendroneti kabla ya nusu saa kupita.

Vitamini D ni vipimo (IU kwenye boksi) 800 hadi 1,000 kwa siku. Jua tunalo, ila anayekaa ndani na kutoka kwa buibui hapati. Uani, mikono na miguu wazi, robo saa siku nyingi za wiki, ni jambo la bure. Sindano au vidonge vya vipimo 300,000 visirudiwe bila ya kupima.

Mbuzi ya nazi inahitaji neno lake. Kukaa chini, mgongo umeinama, mabega yakisukuma mbele kwa nguvu, nazi mbili tatu kila siku: ndivyo pingili dhaifu inavyobanwa upande wa mbele mpaka ikapondeka. Mama mwenye mifupa dhaifu asikune nazi kwenye mbuzi, asiinue ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20, wala asifagie kwa ufagio mfupi. Mpeni ufagio wa mpini, na nazi akune mwengine au ipigwe kwenye mashine. Kupika kwa kusimama ni bora kuliko kuchutama jikoni.

Kuanguka kwenyewe hutokea chooni penye maji, na kwenye ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, ambazo ni nyembamba na zina hatua za kimo tofauti. Wekeni kamba au bomba la kushikia, tochi karibu na kitanda kwa ajili ya usiku wa kukatika umeme, na kanga au buibui isiburute. Mwenye miwani avae.

Pa kwenda, na cha kufuatilia

Unguja, anza na Mnazi Mmoja au hospitali ya mkoa ya Lumumba. Pemba, hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani, au Chake Chake na Wete kwa vipimo vya mwanzo. Penye kuhitaji bingwa wa mifupa zaidi ya hapo, rufaa ya kawaida ni Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Piga simu kwanza kuuliza kama mashine ya DEXA, inayopima uzito wa mifupa, inafanya kazi na kama dripu ya zoledroniki ipo. Safari ya boti kwa jibu la "hakuna" inachosha mwenye mgongo. Mwenye kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aulize mapema kipi kinagharamiwa.

DEXA irudiwe baada ya mwaka mmoja au miwili tangu kubadilisha, kwa mashine ileile ikiwezekana, kwa sababu mashine mbili hazitoi hesabu moja. Urefu pimeni wenyewe nyumbani: kisigino ukutani, kitabu juu ya kichwa, alama ya penseli, kila miezi mitatu. Upungufu wa sentimita 2 baina ya alama mbili ni sababu ya picha ya mgongo hata kama hakuna maumivu.

Ubaya wa dawa uripotiwe. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, hupokea taarifa hizo, na mfamasia au daktari anaweza kukujazia fomu. Toa jina la dawa na namba ya toleo iliyo kwenye boksi, ndiyo sababu nyengine ya kutolitupa.

Na vidonge vilivyobaki visigaiwe shoga wala wifi anayeumwa magoti. Virudishe duka la dawa au hospitali.